Dulamsuren huandika kwanza

Saa tisa na robo alasiri, katika ukumbi wa mashindano ya sataranji ya timu za wanawake jijini Ulaanbaatar, Dulamsuren amebakiwa na sekunde ishirini na moja kwenye saa ya mchezo. Bado ameshika penseli.

"Jamani, acheze!" ananong'ona nahodha wake, Gankhuyag, nyuma ya kamba.

Michezo mitatu ya wenzake imekwisha. Timu yao, ya stesheni ya reli ya mji wa Choir, inahitaji sare moja tu isishuke daraja. Ikishuka, chumba chao cha sataranji, kilicho ubavuni mwa stoo ya makaa, kitageuzwa ghala. Mkuu wa stesheni ameshasema.

Dulamsuren, mwenye umri wa miaka 46, huandika namba za mabehewa ya mizigo. Zamu yake hudumu saa kumi na mbili, na baridi ikifika nyuzi thelathini chini ya sifuri, wino huganda. Ndiyo maana hutumia penseli.

"Behewa likishaondoka utaandika nini?" anauliza. "Naandika kwanza, ndipo naliruhusu."

Tabia hiyo imemponza mezani. Kwenye sataranji unacheza kwanza, unaandika baadaye. Msimu huu ameonywa mara tatu.

Leo mpinzani wake, Khaliun, mwanafunzi wa miaka 19 kutoka Erdenet, amemzidi kete kubwa, ngome nzima. Dulamsuren anategemea malkia wake, anayemkimbiza mfalme wa binti huyo kulia na kushoto, palepale. Hatua ya mchezaji ikiwa italeta mpangilio uleule wa kete mara ya tatu, anaweza kudai sare. Ila lazima aandike hatua yake bila kuicheza, kisha amwite mwamuzi.

Anaandika. Anasimamisha saa. Anainua mkono.

Mwamuzi anaipitia karatasi mstari kwa mstari, kidole kikishuka taratibu.

"Sare."

Gankhuyag anakaa chini sakafuni, kofia usoni.

"Dada, ulikuwa umekwisha kabisa!" Khaliun anasema, akicheka kwa uchungu.

"Tangu saa saba, mdogo wangu. Wewe tu ulichelewa kunizika."

Nje, yeye na wenzake wakinywa chai ya maziwa na chumvi kutoka kwenye chupa moja, Dulamsuren anafuta macho. "Kile chumba," anasema, "ndipo mahali pekee ninapokaa nikiwaza jambo langu mwenyewe."

Sasa anataka kuongeza meza ya pili, kwa ajili ya wanawake wanaosafisha mabehewa. Majina matatu yapo tayari daftarini.

Wamekubali?

"Bado," anasema, akichonga penseli. "Nimeandika kwanza."