Herufi Tatu za Glenys Tregear

Glenys Tregear alizaliwa katika mji wa Wollongong, katika ukoo wa wachimba makaa ya mawe, na tangu utotoni hakutaka mgodi wala mume wa mgodini. Alitaka kompyuta. Siku alipoajiriwa na kampuni ndogo ya vyombo vya kupimia gesi, baba yake, mzee Arch, ambaye vumbi la makaa lilishamla mapafu, alicheka hadi akakohoa.

"Enzi zetu tulishuka mgodini na ndege kwenye tundu. Gesi ikimuua, tunatimua mbio. Sasa ndege ni wewe?"

"Ndege wenu alikufa, Baba. Gesi ikizidi, chombo changu kinakata umeme kabla cheche haijaua mtu."

Kwa miaka sita kilikata kweli. Kisha mwaka 1989 wenye mgodi wakataka chombo kisome vipimo viwili badala ya kimoja, na bosi wake, Kerwin, akampa siku mbili za kubadilisha programu.

Glenys aliandika kwa lugha ya C. Katika lugha hiyo, kigeu, yaani kijisanduku chenye jina cha kuwekea namba, kina mipaka yake. Ukikiunda ndani ya mabano, kinaishi humo humo. Mabano yakifungwa, kimekwisha, na kilichomo kimepotea. Glenys alikuwa na kigeu alichokiita hatari, amekiunda juu, nje ya mabano, kikiwa na sifuri. Ndani ya mabano, pale gesi inapozidi, alitakiwa aandike tu kwamba hatari sasa ni moja. Lakini vidole vina mazoea yao. Vikatanguliza herufi tatu, int, ambazo huiamuru mashine iunde kigeu kipya.

Ikaunda. Vikawa vigeu viwili vya jina moja, visivyojuana. Hatari ya ndani ikapokea moja yake, mabano yakafungwa, ikafa. Ya nje ikabaki na sifuri, na hiyo ya nje ndiyo iliyosomwa na sehemu ya kukata umeme. Mashine haikulalamika, kwani kwa sheria za C hilo si kosa.

Humo humo mabanoni mlikuwa na amri ya kuwasha taa nyekundu. Walipojaribu kiwandani, taa ikawaka vizuri.

"Safi!" alisema Kerwin. "Funga mzigo, kesho kinaenda."

"Hatujakijaribu na swichi ya umeme."

"Taa imewaka, Glen. Unataka na ngoma ipigwe?"

Glenys akanyamaza.

Jumanne moja ya mwezi wa nane, saa nne asubuhi, gesi ilipanda. Taa iliwaka katika chumba cha usimamizi huko juu. Msimamizi, akiamini umeme umeshajikata, akashika simu kuwaita watu wapande. Chini, mashine ya kukatia makaa ilikuwa bado inazunguka. Cheche moja ilitosha kuilipua gesi. Walikufa watatu, na mmoja wao alikuwa Lyle Beddoes, jirani aliyezoea kumpeleka mzee Arch klabuni kila Jumamosi.

Glenys alizisoma karatasi za programu mstari kwa mstari. Alipozifikia zile herufi tatu, alizipigia mstari, akampelekea Kerwin karatasi.

"Tume ya uchunguzi itaambiwa kipimo kiliingia maji," Kerwin alimwambia. "Hakuna hata mmoja wao anayejua C."

"Mimi najua."

"Na watu kumi na wanne wanalisha watoto kwa kazi hii. Hebu fikiri."

Alifikiri siku nne. Siku ya tano alipiga magoti karibu na kiti cha baba yake.

"Baba, ni mimi. Nilikosea. Nikaomba tujaribu swichi, halafu nikanyamaza."

Mzee alivuta pumzi kwa shida.

"Basi nenda ukaseme yote," alisema. "Na huko kunyamaza pia."

Mbele ya tume aliiandika ile mistari ubaoni kwa chaki. Wakili wa kampuni akatabasamu.

"Bibi Tregear, unataka tuamini kwamba herufi tatu zimeua watu watatu?"

"Hapana, bwana. Herufi niliziandika mimi. Jaribio tuliliacha mimi na bosi wangu."

Wiki ile ile vyombo vya migodi mingine minne vilizimwa. Vyote vilikuwa na kosa hilo hilo. Hakuna aliyemshukuru. Kabla ya Krismasi kampuni ilifungwa, na wale kumi na wanne wakaacha kumsalimu.

Noeline, mjane wa Lyle, alikuja mara moja. Alikaa jikoni, chai ikapoa mbele yake.

"Nimekuja nikuone uso," alisema. "Sikusamehe, Glenys. Usije ukadhani. Lakini watu walikuwa wameanza kusema Lyle ndiye aliyelipua mgodi, eti aliwasha sigara kule chini. Sasa wamekoma."

Akasimama, akaondoka.

Mzee Arch alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Kaburini walifika watu saba. Glenys alipata kazi ya kufua mashuka hospitalini, na programu hakuandika tena.