Waliozaliwa Tarehe Moja Januari

Kwenye kompyuta za hospitali yetu, karibu nusu ya wagonjwa wamezaliwa siku moja: tarehe moja Januari. Ukiitazama orodha utadhani wanawake wa huku hawazai mwaka mzima, wanasubiri mwaka mpya uingie wajifungue wote kwa mkupuo. Sababu yake ni ndogo. Mashine haikubali uandike mwaka peke yake, inadai siku na mwezi, na mtu aliyezalishwa nyumbani na jirani hana siku wala mwezi wa kukupa. Anakupa mwaka ambao mvua iligoma. Basi anayeandika anabonyeza moja, anabonyeza moja tena, anapita. Hata mimi nimezaliwa tarehe moja Januari. Mama yangu akisikia hivyo anacheka mpaka anakohoa, maana yeye anakumbuka alitoka shambani na mzigo wa mavuno, akaniweka mimi chini kabla ya mzigo.

Naandika haya kwa sababu ndani ya faili langu la kazi kuna barua inayosema niliharibu kumbukumbu za wagonjwa mia tatu na kumi na wawili. Sikuharibu. Atakayeisoma ile, asome na hii.

Niliingia hospitali kufagia, miaka ishirini na mitatu iliyopita, mtoto mgongoni na baba yake ameshasahau njia ya kurudi nyumbani. Shule niliiachia darasa la tatu, kabla sijashika kusoma. Nilipangiwa korido ya wagonjwa wa nje na chumba cha mafaili, chumba kirefu kisicho na dirisha, rafu za chuma mpaka darini, na harufu ya karatasi iliyolowa ikakauka ikalowa tena. Karani wa siku hizo macho yalikuwa yamemchoka. Alikuwa akiniita, "Mama Fagio, hebu nitazamie huko juu, faili linaloanza hivi," kisha ananichorea herufi kwenye kiganja kwa kidole. Hivyo ndivyo nilivyojua kusoma, herufi moja moja, nimesimama juu ya stuli. Alipostaafu hakuletwa mwingine. Nikabaki mimi, fagio, na mafaili elfu arobaini. Daktari akitaka faili ananiita mimi. Kwenye karatasi cheo changu kilikuwa mhudumu, na mpaka leo ni mhudumu.

Kisha zikaja kompyuta. Wizara ilileta sita, na pamoja nazo akaja mtu tuliyempa jina la Mtaalamu, kwa kuwa ndivyo alivyojitambulisha mwenyewe siku ya kwanza, mbele ya watu wote: "Mimi ndiye mtaalamu." Miaka thelathini na kidogo, shati limenyooka kama limezaliwa limepigwa pasi, simu mbili. Kazi yake ilikuwa kuyaingiza mafaili yote kwenye mfumo. Aliangalia zile rafu, akaniangalia mimi, akatabasamu.

"Mama yangu, wewe ndiye unayeyajua haya madude. Tutasaidiana."

Nikamuuliza mimi nitaingilia wapi, maana kila mtu niliona anapewa akaunti yake na neno la siri.

"Akaunti inaombewa mtu mwenye cheti, mama. Wewe kwa sasa tumia yangu."

"Kwa sasa mpaka lini?"

"Kwa sasa tu, mama yangu, usiwe na presha."

Akaliandika neno lake la siri kwenye kipande cha plasta ya vidonda, akakibandika chini ya kibodi. Hiyo "kwa sasa" ilidumu miaka mitatu. Kila asubuhi nikiwasha, mashine inanikaribisha kwa jina la mwanamume ambaye saa hiyo yuko kantini anakunywa chai. Nilichapa kwa vidole viwili. Mwanzoni mafaili kumi kwa siku, baadaye hamsini, na mwishoni nilikuwa sitazami tena herufi. Korido nilifagia kabla wagonjwa hawajafika.

Kosa la tarehe nililiona mapema. Watu wa huku majina tunarithishana, la babu anapewa mjukuu, la shangazi anapewa binti wa kaka. Ukiwa na majina matatu yanayofanana na wote wamezaliwa tarehe moja Januari mwaka mmoja, mashine haina njia ya kuwatofautisha. Chini kabisa ya kila ukurasa kulikuwa na nafasi ya maelezo mengine ambayo hakuna aliyeijaza. Nikaijaza mimi. Niliandika mtu anavyojulikana: mke wa fundi baiskeli, kovu la moto shavu la kushoto. Muuza mkaa wa nyuma ya stendi, anaongea kwa sauti. Mwenye duka la vioo, kidole gumba cha kulia hakipo. Nilikuwa nawauliza wenyewe, wanacheka, wananijibu.

Metroni, mkuu wa wauguzi, aliyaona siku moja. "Mama Fagio! Unaandika umbea kwenye mali ya serikali?"

"Umbea huo ndio utakaokuambia nani ni nani, Metroni."

"Mimi wangu umeandikaje?"

"Nimeandika anapenda kuchungulia ya wenzake."

Mwisho wa mwaka wa tatu Mtaalamu alipewa barua ya pongezi na picha yake ikatundikwa pale mapokezi. Mimi nilivishwa kilemba cha ukoka koridoni: "Bila wewe, mama, nisingeweza." Jukwaani, kwenye kipaza sauti, hakunitaja.

Sasa, mashine ina tabia. Ikikuta mafaili mawili yenye majina sawa na tarehe sawa, inayaita pacha, na idadi yao inaiandika kwa rangi nyekundu juu ya ripoti. Yetu ilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Wageni wa wizara walikuwa wanakuja Ijumaa, na Mtaalamu alitaka wakute sifuri.

"Wengi wa hawa si pacha," nilimwambia Jumatatu. "Ni watu wawili wawili. Nipe wiki tatu niwapigie simu mmoja mmoja."

"Wiki tatu? Wageni Ijumaa, mama."

"Basi wakute nyekundu. Nyekundu haiui mtu."

Jumatano nilichukua ruhusa nimpeleke mama kliniki ya macho. Alhamisi niliporudi, ile namba ilikuwa sifuri. Nilikaa nikaitazama kama mtu aliyekuta mlango wake wazi. Kuna kitufe kimoja kinachosema unganisha zote. Alikuwa amekibonyeza.

Nilimfuata kantini nikamwambia awarudishe. Akasema hairudishiki, na nisimharibie wiki. Nikaenda kwa Mganga Mkuu, msaidizi wake akaniambia nisubiri wageni waondoke. Wageni wakaja, wakapiga makofi, wakaondoka. Jumatatu iliyofuata aliletwa mke wa fundi baiskeli, jipu kwenye paja, homa kali hata akiulizwa hajibu. Mumewe aliachwa nje ya mlango. Mwanamke yule penisilini haipatani naye kabisa, jambo lililoandikwa kwenye faili lake la karatasi kwa kalamu nyekundu, na mimi nililiingiza kwa mkono wangu. Lakini ana majina sawa na muuza mkaa, na kitufe kilibakiza faili jipya, la muuza mkaa. Muuguzi akatazama kwenye skrini. Mzio: hakuna. Akachoma sindano.

Alivimba uso mpaka macho yakapotea. Walimkimbiza, wakamwekea hewa, siku nne. Alipona. Mumewe alisimama mapokezi, chini ya ile picha, akawa anarudia neno lilelile kwa sauti ya chini, "Tulisema. Tulisema zamani. Mkaandika." Sikuwahi kumsikia mtu akipiga kelele kwa kunong'ona mpaka siku ile.

Siku mbili baadaye niliitwa ofisini kwa Mganga Mkuu. Alikuwepo yeye, Metroni, Mtaalamu, na barua iliyokwisha kuchapwa. Ilisema: mimi mhudumu nakiri kwamba niliingia kwenye mfumo bila idhini na kuunganisha kumbukumbu za wagonjwa kwa kutojua.

"Weka sahihi tu, mama," alisema Mganga Mkuu, kwa upole, kama anayemshawishi mtoto anywe dawa. "Hutafukuzwa. Utahamishiwa kufua mashuka, basi, yaishe."

Mtaalamu alikuwa anaitazama simu yake. "Ndiye anayeshinda kwenye ile mashine," alisema. "Nilimwamini kama mama yangu mzazi."

Nikaomba niondoke nayo nikaisome. Hawakutegemea kwamba ningesoma.

Nyumbani nilimwonyesha binti yangu, yule aliyekuwa mgongoni, sasa ana duka lake la kutengeneza simu. Aliisoma mara moja, akaanza kucheka.

"Mama, umepona! Kila kilichofanyika humo kina jina lake. Lako halimo hata sehemu moja. Sema hujawahi kugusa kompyuta tangu uzaliwe. Wewe mfagiaji. Watakufanya nini?"

Alikuwa amesema kweli. Neno moja tu, naokoka, na anabaki yeye na kitufe chake.

"Na yale mafaili elfu arobaini?"

"Mwachie."

"Nimwachie?"

"Sasa Mama, unataka kazi au unataka sifa?"

"Vyote viwili. Nimevifanyia kazi vyote viwili."

Akatikisa kichwa. "Ubishi huu ndio uliomkimbiza baba."

"Na asirudi."

Kesho yake asubuhi niliirudisha barua bila sahihi, wote watatu wakiwa palepale ofisini. Nikasema, "Mmeandika niliingia bila idhini. Niliingia kila siku ya kazi kwa miaka mitatu, kwa neno la siri alilolibandika huyu chini ya kibodi. Mafaili yote mnayoyasifia niliyaingiza mimi."

Mtaalamu akaguna. "Mama, usijitwishe yasiyo yako."

"Metroni, fungua faili lolote. Teremka mpaka chini."

Metroni akageuza kompyuta ya mezani, akafungua. Akasoma kwa sauti, "Seremala, anatembelea ukingo wa mguu wa kushoto." Akafungua jingine. "Ana mapacha, mmoja tu yuko hai, usimuulize." Akafungua la tatu, la nne. Mganga Mkuu akasogeza kiti. La tano lilikuwa la mtu wa ukoo wake mwenyewe, na Metroni akaliruka haraka.

"Hayo ni maneno yangu," nikasema. "Muulizeni mtaalamu huyu mwenye duka la vioo kakosa kidole kipi."

Mtaalamu alitazama mikono yake, kama kidole kilikuwa hapo.

"Mtu anayekaa kuandika hivyo ili watu wasichanganyike, ndiye huyohuyo awachanganye? Tazameni na siku. Kitufe cha kuunganisha kilibonyezwa lini?"

Metroni akatafuta. "Jumatano, saa nne asubuhi." Kisha akaacha kusoma. "Jumatano nilimpa ruhusa mimi mwenyewe."

Mganga Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilidhani atamgeukia yule. Hakumgeukia. Alisema, "Tusitafute mchawi. Kwa sasa kuna watu waliochanganywa humo na wanaendelea kuja kutibiwa. Nani anaweza kuwatenganisha?"

Mtaalamu akasema kampuni iliyouza mfumo imejibu haiwezekani. Metroni akasema karatasi zipo bado kwenye rafu, na yupo mwenye kuzijua. Wote wakanitazama.

"Naweza," nikasema. "Ila siandiki tena kwa jina la mtu."

"Akaunti tutaifuatilia baadaye, mama. Wewe anza."

"Sianzi."

"Kuna wagonjwa wodini!"

"Najua majina yao na makovu yao, Mganga Mkuu. Kufungua akaunti ni dakika tano. Nimemwona akiwafungulia wanafunzi wa mafunzo."

"Unanipa masharti ofisini kwangu?"

"Ndiyo."

Metroni alikohoa kikohozi kisichokuwa na kifua. Mganga Mkuu akamwonyesha Mtaalamu kiti kwa kidole. Akakaa, akafungua ukurasa, akaandika jina langu, nami nimesimama nyuma ya bega lake nikimsahihisha. Mashine ikadai namba ya cheti. Akaacha wazi, ikakataa. Akanigeukia kwa uso wa mtu aliyeokolewa.

"Andika sifuri," alisema Mganga Mkuu.

Ilikubali.

Nilitumia wiki saba. Niliwapigia wenye simu, wasio na simu nikawafuata, na muuza mkaa nilimkuta nyuma ya stendi akanigombeza mbele ya wateja, eti tumemuuzia mwenzake maradhi yake. Wale mia tatu na kumi na wawili niliwapitia wote, kila aliyechanganywa amerudi kuwa yeye, na chini ya kila ukurasa kuna jina langu, siku na saa. Wachache, kumi na tisa, walikuwa kweli mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili. Hao niliwaacha waunganishwe.

Sitadanganya kwamba haki ilitendeka. Mtaalamu alihamishwa, na kuhamishwa kwenyewe ni kupandishwa, sasa anazunguka kwenye hospitali nyingine akifundisha. Ile barua haikuondolewa. Mtu ameandika juu yake kwa kalamu, "amekataa kusaini," ikarudishwa kwenye faili langu. Mke wa fundi baiskeli hakuombwa radhi na yeyote mwenye cheo. Nilimwomba mimi, akanishika mkono, nami nikaona haya kwa niaba ya watu wasioona haya.

Nafasi aliyoiacha Mtaalamu imetangazwa. Tangazo linataka cheti cha chuo. Sina. Nilipeleka maombi, na mahali pa cheti nikaambatisha kurasa za wagonjwa wale, nimezichapa zote, furushi zito mpaka nilifunga kwa kamba. Yakarudishwa, hayajakidhi vigezo. Nikapeleka tena, kamba ileile. Yakarudishwa. Msaidizi wa Mganga Mkuu aliniuliza juzi, kwa huruma hasa, "Mama, hivi huchoki?"

Nikamwomba anisaidie kubeba mpaka mezani kwake, maana hayo yalikuwa maombi ya tatu.