Mdogo Wangu na Mpira wa Kugongana

Mdogo wangu aliondoka kwetu Boko, Dar es Salaam, akiwa na mwili wa baba na akili ya mama, na vyote viwili vilimfaa Marekani. Akili ilimpatia nafasi ya chuo. Mwili ulionwa na kocha wa chuo hicho siku moja mdogo wangu akipita bwaloni na sahani yake, naye akaulizwa kama amewahi kucheza mpira wa Kimarekani. Hakuwahi. Kwetu alikuwa kipa wa shule. Miezi michache baadaye akatutumia video: watu wenye kofia ngumu na vyuma mbele ya uso wanafukuzia mpira wenye umbo la yai, kisha wanagongana kwa nguvu zao zote. Baba, karani mstaafu aliyehamia Dar kutoka Bukoba akiwa kijana, aliwaonyesha majirani video ile mpaka simu ikazima.

Mama hakuipenda. Kila akizungumza naye alimwuliza kama kichwa hakiumi, naye alimjibu kwa kicheko kwamba kofia ile ni imara kuliko ya bodaboda.

Akarudi kabla ya kumaliza masomo. Alisema ni likizo, lakini likizo yenyewe haikuisha. Alishinda chumbani, mapazia yamefungwa, miwani myeusi usoni. Baa ya jirani ikifungulia muziki wa singeli, alijifunika mto masikioni. Aliinjika maziwa akasahau, sufuria ikaungua. Siku moja alimfokea mama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe, kisha akakaa sebuleni analia. Mjomba wetu alisema huko ughaibuni wamemfundisha bangi. Wanajumuiya wa kanisani kwa mama walikuja kumwombea. Baba nadhani alikuwa akingoja mwanawe apate nguvu arudi uwanjani.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na kituo cha Boko. Mchana mmoja nilikuwa nashona gauni la mteja, simu ikaita. Alikuwa yeye, anaongea taratibu kama mtu anayeogopa kusikika.

"Dada, nipo Tegeta barabarani. Sijui nyumbani ni upande gani."

Nilimwambia asiondoke hapo alipo. Gauni nililiacha kwenye cherehani, nikapanda bodaboda. Nilimkuta amekaa nje ya duka, mtungi mtupu wa gesi katikati ya miguu yake. Baba alikuwa amemtuma akabadilishe gesi. Mtungi alikuwa nao hapo na bado hakukumbuka amefuata nini. Aliponiona alisimama akanishika bega. Pale pale niliamua kwamba habari ya bangi na maombi peke yake imetosha. Kesho yake asubuhi nilimpeleka hospitali mjini, bila kumngoja baba akubali.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alimwuliza amegongwa kichwa mara ngapi. Mdogo wangu akauliza naye, "Za kwenye mechi, au na za mazoezini?" Daktari aliweka kalamu chini akamtazama.

Picha ya kichwa haikuonyesha damu wala uvimbe. Daktari alitueleza kwamba si kila madhara yanaonekana kwenye picha. Kofia inalinda fuvu lisipasuke, lakini ubongo uliomo ndani unatikisika vilevile, na ukitikisika tena kabla haujapona hali inakuwa mbaya zaidi. Hakutuahidi kwamba atarudi kuwa kama zamani. Alisema apumzike, alale vya kutosha, aje kliniki kila anapopangiwa, na asigongwe tena kichwa maisha yake yote.

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi la nje kusubiri dawa. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Kule, mchezaji akigongwa aliulizwa maswali: leo siku gani, tunacheza na nani, taja miezi kutoka nyuma. Yeye alikuwa akiyakariri majibu kabla ya mechi, ili hata akichanganyikiwa mdomo ujibu wenyewe. "Ukitolewa nje, nafasi yako anapewa mwingine," aliniambia. "Sie wote tulikuwa tunafanyaga hivyo."

Nilimwuliza kama anawachukia waliompeleka kwenye mchezo ule. Akasema hapana, na kwamba hajawahi kupenda kitu kama alivyoupenda mpira ule, na hilo ndilo linalomtisha.

Kupona kwake kulikuwa kwa kupanda na kushuka. Wiki nzuri ilifuatwa na siku ambayo hakuweza kuvumilia mlio wa kijiko kwenye kikombe. Lakini jua lilipopungua makali alianza kutembea hadi kiwanja cha shule ya jirani, na jioni moja alichukua mpira wa umbo la yai aliorudi nao kutoka Marekani. Vijana wa mtaa walimzunguka. Walijifunza kuurusha haraka, wakauita Yai, na baada ya siku chache wakataka kugongana kama walivyoona kwenye simu. Akawakatalia kabisa.

Alikuja kibandani kwangu na mchoro: mkanda wa kiunoni wenye vipande viwili vya kitambaa vilivyoshikizwa kwa utepe wa kunata. Ukimvua mpinzani mwenye mpira kitambaa, amekamatwa, mchezo unasimama. Hakuna kuangushana wala kupiga vichwa. Nilishona mikanda kutoka kwenye masalia ya vitenge na sare za shule. Wasichana walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Aliyerusha mpira vizuri kuliko wote alikuwa msichana anayeuza vitu vya urembo dukani, mrefu, mwenye maneno mengi.

Baba hakuridhika. Alisema mchezo wa kunyang'anyana vitambaa ni wa chekechea. Akatokea pia mwandaaji mmoja wa matamasha, akataka timu ivae kofia igongane jukwaani siku ya sikukuu, yeye alete kofia. Vijana walishangilia. Mdogo wangu alimwambia kwa adabu kwamba kofia si dawa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa na kofia nzuri kuliko hizo. Wachezaji kadhaa walikasirika wakaacha kuja. Aliendelea na waliobaki.

Mechi yao ya kwanza ya kualikana ilikuwa dhidi ya wanafunzi wa chuo kikuu wanaokaa hosteli za Mabibo. Baba alikuja, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mstari. Timu yetu ilikuwa nyuma kidogo na mchezo unakaribia kwisha, yule msichana wa dukani na mpinzani wake wakarukia mpira mmoja, vichwa vikagongana. Mpinzani alisimama. Yeye alisimama pia, akayumba, akaenda kupanga mstari na timu pinzani.

Mdogo wangu akaingia uwanjani akamshika mkono, akamtoa.

"Kocha, mie nipo fresh," yule msichana alisema. "Nirudishe, tunashinda hii."

"Hata mie nilikuwa nasema hivyohivyo. Leo hurudi."

Wenzake walilalamika, watazamaji wakamzomea. Hakubishana na mtu. Alimkalisha kivulini, akaniomba nisimwache peke yake, akamwambia mwamuzi waendelee. Tulifungwa. Msichana alilia kwa hasira, na baada ya muda kidogo akatapika. Mimi na mama yake tulimpeleka hospitali, wakamwangalia, wakamwambia apumzike mpaka atakaporuhusiwa.

Niliporudi nyumbani niliwakuta baba na mdogo wangu barazani. Baba ndiye aliyekuwa akiongea, kwa sauti ambayo sikuizoea.

"Hilo neno la kwamba upo sawa, ulilisema mara ngapi?"

"Sikuhesabu, baba."

Baba alitikisa kichwa, akamsogelea, akaweka mkono kisogoni mwa mwanawe na kuuacha hapo.

Yule msichana alikaa nje wiki kadhaa, akarudi kwa ruhusa ya daktari. Sheria ya timu sasa inajulikana na kila anayejiunga: ukigongwa kichwa umetoka, na anayeamua si wewe.

Mdogo wangu bado ana siku mbaya. Kuna majina yanampotea, na mimi ndiye ninayemkumbusha kliniki. Huzungumza kwa simu na wenzake wa Marekani. Mmoja anamwambia angerudi kugongana hata kesho, mwingine hawezi tena kusoma ukurasa mzima. Wanabishana iwapo mchezo ule utadumu kama ulivyo. Yeye hasemi kwamba utakufa. Anasema utakaodumu ni ule ambao mtu mzima anaweza kumfundisha mwanawe bila kumdanganya.

Mwezi huu shule moja ya Mbagala imemwomba akawafundishe wanafunzi wake. Ni mbali na joto linamsumbua, kwa hiyo tunaondoka pamoja alfajiri. Nimeshawashonea mikanda, rangi ya kijani na nyeupe.