Kitani Kilichozaa Leso

Kabla sijaingia kwenye habari ya leso, niwataje kwanza walionifikisha nilipo, maana nikiwaweka mwisho nitakuwa nimeshapoa. Wa kwanza ni mjomba wangu, aliyenitoa shule darasa la tano nikamlelee wanawe kule Kinango, akasema mtoto wa kike akijua kusoma bei dukani inamtosha. Wa pili ni mkuu wa londri katika hoteli niliyokuwa nikifanyia kazi Diani. Huyo aliiondoa kinga ya mashine ya kupigia pasi mashuka kwa sababu ilikuwa ikizimazima mashine, na msimu ule wageni walikuwa wamejaa. Wa tatu ni meneja wake, aliyeambiwa na sisi wafanyakazi, akajibu, "Tutaona." Majina yao ninayo. Wenyewe wanajijua, na waliofanya kazi pale wanawajua, yatosha. Mashine ilivuta shuka, shuka likavuta mkono. Mkono wa kulia ulirudi na kidole gumba na cha shahada, basi.

Sikufa. Watu husema hivyo kama zawadi: "Shukuru hukufa." Nashukuru. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeniajiri. Nilikaa Bongwe nikipika mahamri ya kuuza, mwanangu akinisukumia unga, mahamri yenyewe hayakatiki sawasawa, na kila asubuhi nikiwaona wenzangu wakipita na mikoba kwenda kazini nilikuwa najitia shughuli jikoni wasinisalimie.

Ndipo nikasikia kuwa hoteli ya pili, iliyopakana ukuta kwa ukuta na ile iliyonikata, inatafuta mwanamke wa kuwafundisha wageni kufunga leso kila Jumatano. Nikaenda. Meneja wao ni mama kutoka bara, mkali lakini ana adabu. Aliniamkia vizuri, kisha akanitazama mkono.

"Utajaribu mara moja," akasema. "Wageni wakipenda, kazi ni yako. Wasipopenda, kuna mama mwingine wa Ukunda ananingoja."

"Haya."

"Na mama, tafadhali, huo mkono uufunike. Wageni wako likizo."

Huyo mama wa Ukunda ana vidole vyake vyote. Nilijua nikiharibu siku hiyo ndio basi, nitakufa na mahamri yangu.

Jumatano nikaenda na doti zangu, mkono nimeuzungushia kitambaa kama nimeungua mafuta. Wageni walikuwa wamekaa kando ya bwawa, Wafaransa, Waitaliano, Waingereza, wengine bado wanadondoka maji. Nikapewa kijana wa animesheni, wale wanaowachezesha wageni, anitafsirie. Ni kijana wa bara, mcheshi, lugha zote anazisukuma hivyo hivyo mpaka zinafika.

"Mathe usijali," akaniambia. "Hawa wamekula wameshiba. Watacheka tu."

Hawakucheka. Nilifunga ya kiunoni, nikafunga ya kifuani, wakaniangalia kama watu wanaosubiri basi. Bwana mmoja akafungua gazeti. Kwa ncha ya jicho nikamwona meneja ameegemea nguzo, amekunja mikono. Nikaona nitafute la kusema, lolote, nikakumbuka maneno ya bibi yangu.

"Waambie," nikamwambia kijana, "leso za kwanza hazikuwa leso moja. Zilikuwa vitambaa vya mkononi walivyoleta Wareno Mombasa. Wanawake walinunua jora halijakatwa, wakakata vitatu vitatu, wakavishona pamoja, wakajifunga. Leso lilikuwa jina la kile kitambaa cha kupengea makamasi."

Kijana akalitafsiri kwa vitendo, akapenga na pua. Sasa ndio wakacheka. Lakini bibi mmoja Mfaransa, mwembamba, nywele nyeupe kama pamba, hakucheka. Aliinuka kitini kama aliyeumwa na siafu.

"Lenço!" akasema. Halafu akaanza kuongea mbio, mikono juu.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Ngoja, mathe, ngoja. Anasema alikuwa mwalimu wa Kilatini. Anasema hilo neno lako analijua. Anajua nyanya yake na nyanya ya nyanya yake."

Yule bibi akaja mpaka mbele, akashika pindo la leso yangu. Zamani sana, akasema, Warumi walikuwa na mmea wa kitani, wakiuita linum. Nguo iliyofumwa kwa kitani wakaiita linteum. Dola yao ilipovunjika, neno halikuvunjika. Kila watu walichukua kipande wakaenda nacho kwao. Wareno wakalifupisha likawa lenço, likawa kitambaa cha mkononi, likapanda jahazi likaja kwetu.

"Na kwao Ufaransa?" nikauliza. Hata sikujua kwamba nimeuliza kwa sauti.

Kwao, akasema, kitani ni lin, na nguo za kufua nyumbani zote ni linge. Mama mmoja Mwitaliano aliyekuwa ndani ya bwawa akapiga kelele kutoka majini: "Lenzuolo! Lenzuolo!" Shuka! Kwao shuka la kitandani ni neno hilo hilo, akatoka majini ili atuhakikishie, anachuruzika. Na yule bwana wa gazeti, Mwingereza, akalikunja gazeti lake akasema taratibu, kama mtu anayekiri, "Linen."

Hapo mwili wangu ukasisimka, wallahi. Linen! Miaka yote ile nilikuwa nikiingia stoo ya lineni kutoa mashuka, nimejifunga leso kiunoni, na hakuna aliyeniambia kwamba jina la stoo ile na jina la nguo niliyovaa ni watoto wa mama mmoja. Na nani angeniambia? Mjomba? Nikasahau kama nafanyiwa mtihani. Nikawa nauliza, na yule bibi anajibu, na kijana anatoka jasho katikati yetu. Uzi wa kitani uliovutwa ukanyooka, Warumi waliuita linea. Kutoka hapo Waingereza wakapata line yao: mstari, na kamba ya kuanikia nguo.

"Hata laini ya simu, mathe!" kijana akaruka, akatoa simu mfukoni akaibusu. "Kumbe natembea na kitani!"

Wageni wote sasa wamesimama, wanashika leso, wananyang'anyana maneno. Mwitaliano anataka kujua leso ya kumbebea mtoto inafungwaje. Nikamwonyesha. Kile kitambaa cha kufunika mkono kikanifungukia kikaanguka, wala sikukiokota, sikukihitaji. Vidole viwili vinakaza fundo, mkono wa kushoto unashika pindo. Hivyo ndivyo nifungavyo, sina namna nyingine.

Yule bibi Mfaransa akauona mkono. Hakugeuza uso. Lakini alikuwa katikati ya maneno, akayamaliza kwa sauti ya chini: kuna mtoto mwingine wa neno lile kwao, linceul. Zamani lilikuwa shuka la kulalia. Siku hizi halilaliwi na walio hai.

"Ni sanda," kijana akanitafsiria, kisha akajuta kulisema.

Yule bibi akaugusa mkono wangu akauliza.

"Anauliza ni nini kilitokea," kijana akasema. "Mathe, nimwambie ulizaliwa hivyo?"

"Mwambie ni shuka. Shuka lilinivuta kwenye mashine, nusura liwe hilo neno lake la mwisho. Mwambie mkuu wa londri aliondoa kinga. Mwambie meneja alisema tutaona."

"Hii nayo niseme aje? Bosi yuko hapo."

"Iseme kama nilivyosema. Usipunguze."

Akaisema. Nilijua kwa nyuso zao kwamba hakupunguza. Mtu mmoja akauliza hoteli gani. Jina sikulitaja. Niliutazama ukuta wa jirani tu, na wao wakautazama.

Meneja alingoja wageni waondoke, wakiwa wamejifunga leso zangu, wanaimbiana "lenzuolo, linge, leso" kama wanafunzi wa madrasa. Akaja, akaokota kile kitambaa, akanirudishia.

"Nilikuomba kitu kimoja," akasema.

"Uliniomba. Nikasahau kwa furaha."

"Nilikuajiri ufundishe leso, mama. Sikukuajiri unigombanishe na majirani."

"Leso nimefundisha au sikufundisha?"

Yule bibi Mfaransa alikuwa amerudi amesahau miwani yake. Akanipungia mkono, akapita akijisemea maneno yake. Meneja akamsindikiza kwa macho, kisha akanigeukia.

"Jumatano saa kumi," akasema. "Ila habari ya mashine usiianze wewe."

"Na wakiuliza?"

Akautazama ukuta, halafu akanitazama mimi. "Wakiuliza, wewe ni mtu mzima. Siwezi kukufundisha uongo."

Nilitoka kwa lango la mbele, siyo la wafanyakazi, na hakuna askari aliyenizuia. Njia nzima mpaka Bongwe nilikuwa nikisema peke yangu: linum, linteum, lenço, leso. Mwanangu alinisikia kabla sijafika mlangoni akadhani nasoma dua.

Kitambaa sikukifunga tena. Kila Jumatano naanza na kitani, namalizia na mbeleko, na kila Jumatano wanauliza.