Bibi Milia, Mlezi wa Samaki Wasiovuliwa

Nilikuwa napiga pasi sare za watoto simu ilipoita. Alikuwa Fundi Pampu, aliyefanya kazi na mama mdogo kwa miaka mingi. Hakunisalimu. Alisema tu, "Mwanangu, kaa chini kwanza," nikajua. Mama mdogo alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa moyo, na asubuhi hiyo Mungu alikuwa amemchukua. Nilichomoa pasi, nikapiga magoti kando ya meza, nikalia. Kisha nikamshukuru Mungu, kwa sababu yule mwanamke aliishi maisha ya kusimuliwa.

Mama mdogo alilea samaki. Kazini kwao zamani palikuwa gereji. Sakafu ya saruji bado ina madoa ya oili, lakini ukutani yamepangwa matangi ya vioo, na pampu za hewa zinanguruma kutwa. Bosi wake aliuza samaki wa mapambo waliovuliwa kwenye matumbawe, na wengi walifia njiani ndani ya mifuko ya plastiki. Jambo hilo lilimkera mama mdogo. Alimsumbua Bosi mpaka akakubali ajaribu kuzalisha wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye milia mitatu myeupe. Bosi alimpa sharti: akishindwa, chumba alichotengewa cha kuzalishia kitafungwa na watarudi kununua wa kuvuliwa.

Alinisimulia habari za samaki hao kama anayesengenya majirani. Baharini wanaishi katikati ya minyiri, ile mikono laini kama ya pweza, ya kiumbe kinachofanana na ua. Minyiri hiyo inawasha samaki wengine, lakini wao wana ute mwilini unaowakinga. Kila nyumba ina jike mmoja, ndiye mkubwa, na amri zote ni zake. Anayemfuata ni mume wake, halafu vijana wadogo wasioruhusiwa kuzaa. Wote huanza maisha wakiwa madume. Jike akifa, mume wake hugeuka jike, na kijana anayemfuata hupanda kuwa mume.

Hayo aliyajua baada ya kukosea. Jike wake wa kwanza alipokufa, alimwonea huruma yule dume, akamletea jike mwingine mnene.

"Dada, hata machozi hayajakauka umeshamtafutia mke?" Fundi Pampu akamtania.

"Wanaume nawajua. Mkikaa peke yenu hata vyombo hamuoshi."

Kufika mchana, mapezi ya bibi harusi yalikuwa yamechanika vibaya. Mama mdogo alimtoa kwa wavu akiwa hoi. Kumbe mgane wetu alikuwa ameshaanza kugeuka jike, na sasa nyumba moja ilikuwa na wenye nyumba wawili. Basi akamtafutia samaki mdogo kuliko wote dukani. Kale kadogo kalilala ubavu mbele ya mkubwa, kakatetemeka mwili mzima, kakapokelewa.

"Ndoa gani hii, bwana harusi anatetemeka?" Fundi akauliza.

"Kwani wewe siku yako hukutetemeka? Mkeo ametuambia yote."

Hata kanisani walimsema. Mwanakwaya mwenzake alimuuliza kama samaki wa namna hiyo hawaleti mkosi. Akajibu, "Mungu ndiye aliyewapangia hivyo, dada yangu. Mimi nawapa chakula tu."

Baada ya miezi kadhaa, jike alitaga kwenye chungu cha maua kilichofunikwa kifudifudi. Yule mume mdogo ndiye aliyekesha na mayai, akiyapepea kwa mapezi na kuyaondoa yaliyooza. Yalianza na rangi ya chungwa, yakabadilika mpaka macho ya fedha yakaonekana ndani, na giza lilipoingia yakaanguliwa. Vitoto vilikuwa kama vipande vya uzi vyenye macho. Baharini vingechukuliwa na mkondo mpaka mbali, vikikua huko kabla ya kurudi kwenye matumbawe. Pale palikuwa na kioo tu. Mama mdogo alivilisha vijidudu alivyovifuga kwenye ndoo za maji ya kijani, lakini kila kundi lilikufa, vitoto vimerundikana upande wa dirisha.

"Mama, kundi hili la sasa ndilo la mwisho," Bosi alimwambia. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka.

Mama mdogo hakuvumilia uchafu, nyumbani wala kazini. Kila asubuhi alisugua vioo mpaka vinang'aa. Siku moja, akiwa na kitambaa mkononi, aliona vitoto vinaukimbilia mwanga na kugonga kioo tena na tena mpaka vinaishiwa nguvu. Usafi wake ndio uliokuwa unaviua! Alitupa kitambaa, akachukua mifuko myeusi ya takataka, akalifunika tangi pande zote, akaacha mwanga hafifu kutoka juu. Aliniambia aliomba akiwa ameshika mkanda wa gundi kwa meno.

Nilikuwepo siku ya ushindi, nimempelekea chakula cha mchana.

"Vua viatu, usitikise sakafu! Njoo uone!"

Nilichungulia kwa juu. Vitoto vilikuwa vimeshuka chini, rangi imekolea, na nyuma ya kichwa cha kimoja palikuwa na mlia mweupe. Mama mdogo alikuwa ananibana mkono kwa nguvu. "Kile pale! Na kile! Ee Bwana, na kile!"

Bosi aliingia simu ikiwa sikioni. "Nani kawavua hawa?"

"Hajawavua mtu. Wamezaliwa humu humu, kwenye gereji yako."

Bosi alikata simu bila kuaga, akacheza mpaka akapiga teke ndoo, suruali ikalowa. Mama mdogo akaanzisha wimbo wa sifa, na wote wakaitikia, hata Fundi asiyejua maneno. Tangu siku hiyo hawakununua tena samaki wa aina ile kutoka baharini, na watu wakamwita Bibi Milia. Alifundisha kila aliyekuja kuomba kufundishwa.

Tulimzika Jumamosi. Bosi alifunga duka, akabaki mfanyakazi mmoja wa kulisha vitoto vilivyokuwa vimeanguliwa wiki hiyo. Jeneza lilibebwa na Fundi Pampu pamoja na watu watano ambao mama mdogo aliwafundisha ulezi. Mchungaji alisoma neno, akaomba. Mama yangu alitupa udongo kwanza, nami nikafuata. Kwaya yake iliimba mpaka kaburi likajaa. Tuliweka maua, tukasema amina, tukarudi nyumbani.