Faili Lililofunguliwa Mara Mbili

Saa tatu asubuhi, katika chumba cha usajili cha hospitali, mwanamke wa makamo ameketi nyuma ya karani, kafumba mdomo. Fundi wa mitambo anachomoa waya wa mtandao. Dereva wa hospitali, aliyeombwa aigize mgonjwa, anataja jina lake. Karani, asiyejua litakalotokea, analiandika.

Mwanamke huyo wenzake humwita Fundi Maneno. Kazi yake ni kusahihisha maonyo ya kompyuta yanayopotosha watu. Sharti lake ni moja: karani akigeuka kumwuliza, sentensi imeshindwa. Ya leo, ya onyo la mtandao kukatika, ni ya tano. Nne zilizotangulia zimeshindwa.

Zamani kiti kile cha karani kilikuwa chake. Kila mtandao ulipokatika, kompyuta iliandika: "Mgonjwa hayupo." Makarani waliamini, wakafungua faili jipya. Siku moja alimfungulia hivyo shangazi yake, aliyemlea. Faili la zamani lilikuwa na onyo kuhusu penisilini; jipya lilikuwa tupu. Shangazi alichomwa sindano, akavimba koo, akalazwa siku kumi na moja.

"Alikuwa amesimama mbele yangu," asema, "nami nikaiamini mashine."

Shangazi hakumlaumu. "Acha kulia, andika barua," alimwambia.

Aliwaandikia watengenezaji wa programu barua tisa. Ya tisa ilimpatia ajira kwao. Tangu hapo amesahihisha maonyo sitini na mawili, kila moja akilipima kwa kukaa kimya nyuma ya mtu aliye kazini.

Sasa karani anasoma: "Mtandao umekatika. Faili la mgonjwa bado halijatafutwa. Usifungue jipya. Mwulize dawa zinazomdhuru, kisha jaribu tena."

Mkono wake unasimama. Hageuki.

"Kaka, kuna dawa inayokudhuru?"

"Dawa hakuna. Labda maswali yako."

Fundi wa mitambo anaangua kicheko. Fundi Maneno anafuta machozi kwa kiganja. Ni ajabu kubwa kwamba maneno machache, yakipangwa kwa uaminifu, huweza kuuzuia mkono wa mtu usidhuru.

Yamesalia maonyo mia moja na manane, naye amekusudia kuyamaliza kabla hajastaafu. Ila kwanza anampigia shangazi simu kumwarifu kuwa sentensi imefaulu.

"Vyema. Kliniki yangu ni Alhamisi," shangazi ajibu. "Nitasimama dirishani mwenyewe. Uuchomoe huo waya, mwanangu, nione kama safari hii nipo."