Mbuzi Waliomwona Fisi

Mnadani Ruangwa wapo wanaosema kwamba nilithibitisha dawa ya kutuliza mbuzi waoga. Sikuthibitisha kitu, na nimekwisha kuwaeleza hivyo. Ukweli ni huu.

Fisi alipovunja zizi la mdogo wangu wa kike kule Chinongwe, mbuzi waliosalia hawakutulia tena. Jani likianguka, wanarukiana. Mmoja aliyetoka kuzaa alimkataa mwanawe. Kitoto kikisogelea chuchu, kinapigwa teke, na mdogo wangu, anayeishi peke yake, hakuweza kuwashika wote wawili. Mtafiti niliyefahamiana naye nikiwa afisa mifugo Nachingwea alinikabidhi chupa za maji yaliyokamuliwa kutoka majani ya giligilani, haya haya tunayotia kwenye mchuzi, nijaribu kama yanapunguza hofu. Nusu ya mbuzi wanywe giligilani, nusu, katika zizi la pili, maji matupu, ndipo tulinganishe. Kwa kura, mama wa kitoto aliangukia maji matupu.

Niliporudi kukagua, mazizi yote mawili yalinukia giligilani.

"Umewapa wote?"

"Kaka, hata hawa walimwona fisi. Niwanyime kwa kosa gani?"

"Tusipowatenga hatutajua kilichowatuliza."

"Ninyi watu wa serikali mnataka kujua. Mimi nataka kitoto kinyonye."

Nilighadhibika. Nikampigia simu mtafiti, nikitarajia angalau yeye ashtuke.

"Mzee, andika tu wametulia. Tusisumbuane."

Nilimjibu kwamba katika utumishi wangu wote sikutia saini jambo nisiloliona, wala sitaanzia kwa mbuzi. Tungeanza upya.

Kuanza upya maana yake ni maji matupu tena. Mdogo wangu alisimama mlangoni mwa zizi, ndoo ya giligilani ameificha nyuma yake. Kitoto kilikuwa kimelala, mbavu zimechomoza, hata kulia hakilii. Kanuni inaruhusu mnyama aliye hatarini aondolewe kwenye jaribio. Nikamwondoa mama yake, na mtafiti nikamwarifu.

"Huyu mpe," nilisema. "Wengine usiwaguse."

"Sasa umesema kama kaka."

Mbuzi alikunywa, akampiga mwanawe teke vilevile. Basi mdogo wangu akaishika miguu ya nyuma, nami nikapiga magoti kwenye samadi na suruali yangu ya heshima, nikakiinua kitoto hadi kwenye chuchu. Hakikufungua kinywa. Nilikamulia tone la maziwa mdomoni mwake, nikasubiri, nikakamua tena. Ndipo kikavuta.